Mgema wa Eger na bei ya jina

Katika soko la mvinyo huuzwa bidhaa mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kinywaji kilichomo ndani ya chupa. Ya pili ni jina lililoandikwa juu yake. Mfanyabiashara anayedhani anauza ile ya kwanza peke yake huchelewa kutambua kwamba hasara kubwa humfika kupitia ile ya pili.

Mji wa Eger, ulioko kaskazini mashariki mwa Hungaria, ulijifunza jambo hilo kwa kulilipia. Kwa karibu miaka 40 mvinyo wake mwekundu mashuhuri, Egri Bikavér, yaani Damu ya Fahali ya Eger, ulitengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ya chini hadi jina lake likawa sawa na la mvinyo wowote rahisi. Kulirejesha jina hilo kumechukua muda unaopita robo karne, na kazi haijaisha. Sasa wageni wanafika mjini kuangalia ngome, makanisa na mahandaki, na kuonja mvinyo huo pale pale unapotengenezwa. Swali lililo mbele ya wenye mji ni moja: je, wingi wa wageni utaachwa ufanye kile kile kilichofanywa zamani na wingi wa lita?

Haufai kuachwa, na sababu ni za kibiashara kabla ya kuwa za heshima.

Mji unaouza historia yake

Eger uko kati ya milima ya Bükk na Mátra, kiasi cha kilomita 130 kutoka mji mkuu, Budapest, na safari ya treni huchukua karibu saa mbili. Ni mji mdogo wenye wakazi wasiofika 60,000. Uaskofu wake ulianzishwa mwanzoni mwa karne ya 11, enzi za Mfalme István wa Kwanza, na tangu mwaka 1804 ni makao ya askofu mkuu. Sehemu kubwa ya majengo ambayo mgeni huja kuyatazama yalijengwa kwa fedha za maaskofu hao.

Kanisa kuu, lenye nguzo nene mbele yake, lilijengwa kati ya mwaka 1831 na 1837 kwa michoro ya msanifu József Hild. Mkabala na kanisa hilo kuna Liseo, jengo kubwa la karne ya 18 ambalo Askofu Károly Eszterházy alilikusudia liwe chuo kikuu, ingawa kibali cha watawala hakikutoka. Maktaba yake ina dari iliyochorwa na Johann Lukas Kracker mwaka 1778, ikionyesha Mtaguso wa Trento. Juu mnarani mtaalamu wa elimu ya nyota, Miksa Hell, aliweka chumba cha giza chenye kioo na lenzi ambacho hutupa picha hai ya mji juu ya meza ya duara. Chombo hicho kinafanya kazi hadi leo. Mgeni husimama gizani akaona watu na magari yakitembea mezani mbele yake.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Uwanja wa Dobó na ngome iliyo juu yake. Mwaka 1552 nahodha István Dobó akiwa na watu wapatao 2,000 aliilinda ngome hiyo kwa zaidi ya mwezi mmoja dhidi ya jeshi la Waturuki lililomzidi mara nyingi, hadi jeshi hilo likaondoka. Wanawake walishiriki katika ulinzi huo. Mwandishi Géza Gárdonyi aliutungia riwaya iitwayo Egri csillagok, yaani Nyota za Eger, ambayo watoto wa Hungaria huisoma shuleni. Kwa hiyo Mhungaria anapofika Eger huwa haji kuona mawe tu. Huja kuona mahali anapopajua tangu utotoni.

Ikumbukwe pia kwamba Waturuki walirudi. Ngome iliangukia mikononi mwao mwaka 1596 na wakautawala mji hadi 1687. Waliacha nyumba ya kuogea ya maji ya moto ambayo bado inapokea wateja, na mnara wa msikiti wenye urefu wa mita 40. Msikiti wenyewe haupo tena, lakini mnara umebaki, mmoja kati ya mitatu ya Kituruki iliyosalia nchini humo. Ndani yake kuna ngazi 97 nyembamba za kuzunguka. Mtu mnene hupanda kwa tabu, na anayeshuka hulazimika kumpisha anayepanda.

Kwa mfanyabiashara wa mvinyo, hata hivyo, kitu cha kuangaliwa zaidi kiko chini ya ardhi. Chini ya jumba la askofu mkuu kuna mtandao wa mahandaki yaliyochimbwa katika mwamba laini wa majivu ya volkano, ambao wenyeji huuita Mji Chini ya Mji. Humo ndimo mlimowekwa fungu la kumi la mvinyo ambalo wakulima walimlipa askofu. Kwa maneno mengine, mvinyo ulikuwa kodi. Mwamba uliotolewa ulitumika kujengea juu, na tundu lililobaki likawa ghala lenye ubaridi usiobadilika kiangazi wala kipupwe. Uchumi wa mji mzima unaelezeka katika handaki hilo moja.

Hadithi nzuri haibebi mvinyo mbaya

Jina la Damu ya Fahali lina hadithi yake. Husimuliwa kwamba wakati wa vita vya 1552 Dobó aliwafungulia askari wake maghala ya mvinyo mwekundu ili kuwatia nguvu. Walipanda ukutani ndevu zao zikichuruzika wekundu, na Waturuki wakaambiana kwamba watu hao wanakunywa damu ya mafahali. Hadithi hiyo haikosekani kwenye mabango ya mji wala vinywani mwa wanaotembeza wageni.

Ukweli ni tofauti kidogo. Wakati wa Dobó mvinyo wa sehemu hiyo ulikuwa hasa mweupe. Zabibu nyekundu zilishika kasi baadaye, pale watu waliohama kutoka Balkani walipokuja na aina iitwayo Kadarka. Jina Bikavér lenyewe linaonekana katika maandishi ya karne ya 19. Mwishoni mwa karne hiyo mdudu filoksera aliangamiza mashamba ya mizabibu, na yalipopandwa upya aina ya Kékfrankos ndiyo iliyochukua nafasi kubwa.

Hakuna ubaya wa hadithi kutumika sokoni. Kila bidhaa yenye asili ina ngano yake, na mnunuzi mwenyewe hupenda kuisikia. Ubaya huanza pale muuzaji anapodhani hadithi inaweza kufanya kazi ambayo mvinyo haufanyi. Hapo ndipo Eger ilipojikwaa.

Chini ya serikali ya kikomunisti mashamba yaliunganishwa na mvinyo ukakusanywa katika viwanda vikubwa vya dola. Mafanikio yalipimwa kwa hektolita. Mteja mkuu alikuwa Umoja wa Kisovieti na nchi za kambi yake, na malipo yalikwenda kwa mapatano ya serikali kwa serikali. Mteja wa namna hiyo hakuuliza ubora, aliuliza kiasi. Nchi za Magharibi nazo zilipelekewa Damu ya Fahali. Uingereza iliifahamu sana chapa hiyo katika miaka ya 1970 na 1980, lakini iliifahamu kama chupa ya bei nafuu ya kupeleka kwenye karamu. Mizabibu iliachwa izae mno, mvinyo ukawa mwepesi, na jina likaendelea kuwa lile lile.

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wa Eger alisifiwa, naye akalitia.

Mwaka 1985 Moscow ilianza kampeni dhidi ya ulevi na maagizo yakapungua. Mwaka 1991 jumuiya ya biashara ya nchi za kikomunisti ilivunjwa, na soko ambalo halikuuliza maswali likatoweka. Eger ikabaki na mapipa mengi, mashine chakavu na jina ambalo mnunuzi wa London alilihusisha na bei ya chini. Haya ndiyo matokeo ya kumtegemea mteja mmoja asiyejali. Siku anapoondoka, huondoka na hesabu zote za kiwanda.

Sheria iliyoandikwa na watengenezaji

Waliolirejesha jina walikuwa wenye maghala madogo walioanza upya baada ya mabadiliko ya 1989 na 1990. Aliyejulikana zaidi ni Tibor Gál, mzaliwa wa Eger aliyefanya kazi Italia katika shamba la Ornellaia na kuona kwa macho yake jinsi sheria kali zinavyoweza kupandisha bei. Yeye na wenzake walishikilia kwamba Bikavér iwe na kanuni zake, na mwaka 1997 kanuni hizo zikapatikana. Gál alifariki katika ajali ya gari nchini Afrika Kusini mwaka 2005, lakini kazi yake ilikwisha kushika njia.

Msingi wa kanuni hizo ni rahisi kueleweka. Bikavér lazima iwe mchanganyiko wa aina kadhaa za zabibu, Kékfrankos ikiwa ndiyo uti wa mgongo, na pasiwe na aina moja inayozifunika nyingine. Baadaye daraja zikawa tatu: Classicus, Superior na Grand Superior. Kadiri daraja inavyopanda ndivyo mavuno yanayoruhusiwa kwa hekta yanavyopungua na muda wa kukaa ghalani unavyoongezeka. Kwa mvinyo mweupe, Eger ilibuni mwenzake Bikavér uitwao Egri Csillag, Nyota ya Eger, ambao mavuno yake ya kwanza yalikuwa ya 2010. Jina hilo limechukuliwa kutoka riwaya ya Gárdonyi, na safari hii hadithi ilikuja pamoja na sheria.

Hungaria ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004 hekima ya hatua hiyo ilidhihirika. Mipaka ilipofunguka, mvinyo rahisi wa nchi nyingine uliingia bila kizuizi. Mji wenye mashamba ya milimani hauwezi kushindana kwa bei na nchi zenye mashamba makubwa ya tambarare yanayovunwa kwa mashine. Ungejaribu, ungefilisika. Njia iliyobaki ni kuuza kidogo kwa bei nzuri, na mteja mwepesi kuliko wote wa kumuuzia kwa bei nzuri ni yule aliyekuja mwenyewe hadi mlangoni.

Hesabu ya pipa moja

Jambo hili lionekane kwa hesabu. Pipa la kawaida la mti wa mwaloni hubeba lita 225. Likitiwa kwenye chupa za ujazo wa sentilita 75, hutoa chupa 300 kamili. Likipimwa kwenye chupa za plastiki za lita mbili mbili, hutoa chupa 112 na lita moja ikabaki.

Nchini Hungaria mvinyo wa kunywa mezani huuzwa kwa desilita, yaani sehemu ya kumi ya lita. Pipa hilo hilo lina desilita 2,250. Mgeni anayeonja aina tano, nusu desilita kila moja, hutumia desilita mbili na nusu. Hivyo pipa moja linatosha wageni 900. Watu 900 ni wengi kuliko wanaoweza kukaa katika handaki moja kwa siku nyingi za wiki, na kila mmoja wao hulipia si mvinyo tu bali pia maelezo, kiti, mkate na jibini. Wakiondoka, baadhi hununua chupa za kubeba. Hakuna msafirishaji, wakala wala duka kubwa anayekata fungu lake katikati.

Lipo na jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Sheria ya Hungaria hairuhusu dereva kuwa na kilevi chochote mwilini, hata tone. Mgeni aliyeonja hawezi kuendesha gari jioni hiyo kurudi Budapest. Ama arudi kwa treni, ama alale. Akilala, hoteli au nyumba ya wageni hupata, mkahawa hupata, na asubuhi yake nyumba ya kuogea ya Waturuki na ngome hupata. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya usalama barabarani imekuwa rafiki wa biashara ya vyumba vya kulala. Mji unaojua hesabu zake hauna sababu ya kuwahimiza wageni wa mabasi wanaofika saa nne asubuhi na kuondoka saa kumi.

Chupa ya plastiki

Kiasi cha nusu saa kwa miguu kutoka katikati ya mji liko Bonde la Bibi Mrembo, Szépasszonyvölgy, lenye mahandaki yanayokaribia 200 yaliyochongwa mwambani, mlango kwa mlango. Kuta zake zimefunikwa ukungu mweusi mzito kama sufi, ambao hustawi kwa mvuke wa mvinyo. Mwenye handaki huchota mvinyo pipani kwa mrija wa kioo uitwao lopó, jina linalotokana na neno la kuiba. Akishachota, humimina glasini, na mgeni huketi kwenye benchi nje. Ni mahali pa furaha, na wengi hukumbuka Eger kwa bonde hilo kuliko kwa kanisa kuu.

Hapo hapo ndipo chupa ya plastiki inapotoka. Mgeni akishapendezwa, hujaziwa lita mbili au zaidi za mvinyo mwekundu kutoka pipani kwa bei ndogo. Anaipeleka nyumbani, anaiacha kwenye joto la gari, na baada ya wiki moja anawakaribisha jamaa zake akisema hii ndiyo Damu ya Fahali ya Eger. Pengine si Bikavér kabisa, bali ni mvinyo wa kawaida wa nyumbani. Lakini yeye hakuambiwa tofauti, na jamaa zake hawatauliza. Wanachokumbuka ni ladha na jina.

Wapo wanaotetea chupa hiyo, na hoja zao hazistahili kudharauliwa. Wanasema mwenye handaki ni mtu wa kipato kidogo ambaye hana mashine ya kujazia chupa wala fedha za lebo. Wanasema Mhungaria wa kawaida ana haki ya kunywa mvinyo wa nchi yake bila kulipa bei ya mtalii wa Ujerumani. Wanasema pia kwamba bonde likijaa glasi ndefu na bei ndefu, furaha itakwisha na watu wataacha kuja. Yote hayo ni kweli.

Lakini hakuna hata moja linalolazimu jina litumike. Mvinyo wa pipani uuzwe kama mvinyo wa pipani, kwa jina la zabibu yake au la mwenye handaki, na mnunuzi aambiwe waziwazi kwamba anachobeba ni cha kunywa wiki hii na kwamba Bikavér ni kitu kingine. Kibao kimoja mlangoni kinatosha. Gharama yake ni ndogo kuliko ya chupa kumi. Mwenye handaki anayekataa kuweka kibao hicho hatetei maskini. Anakopa kwenye hazina ya jina iliyojazwa na wengine, na hana nia ya kulipa.

Nani analipia sheria

Lipo deni jingine ambalo halizungumzwi sana kwenye meza za kuonjea. Ubora unapatikana kwa kupunguza mavuno. Mkulima anayeingia shambani kiangazi kukata vichala vibichi na kuviangusha chini anaangusha fedha. Kama mnunuzi wa zabibu anaendelea kumlipa kwa kilo, na bei ya kilo haikupanda kwa kiasi kile kile kilos zilivyopungua, basi sheria ya daraja ya juu imelipiwa na mkulima, na faida yake imekwenda kwa mwenye lebo.

Hali hiyo haiwezi kudumu. Mkulima mwenye kipande kidogo kwenye mteremko wa Nagy-Eged, mlima wa mawe ya chokaa unaotoa baadhi ya mvinyo bora wa Eger, atafanya kazi ngumu kuliko mwenzake wa tambarare kwa sababu mteremko hauruhusu mashine kubwa. Akiona hapati, ataacha shamba, au ataongeza vichala kwa siri. Vyote viwili vinaumiza jina. Dawa yake inajulikana katika biashara ya mvinyo: mnunuzi alipe kwa hekta badala ya kilo, au mkataba uwe wa miaka kadhaa ukimhakikishia mkulima sehemu ya bei ya chupa. Maghala ya Eger yanayojitangaza kwa daraja ya Grand Superior yangepaswa kuwa ya kwanza kufanya hivyo na kulisema hadharani, kwa kuwa mgeni wa siku hizi hupenda kujua nani alichuma kile anachokunywa.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka 40 Damu ya Fahali ilijitembeza duniani kote na kurudi nyumbani na sifa mbaya. Sasa wateja ndio wanaosafiri. Wanapanda ngazi 97, wanasimama kwenye chumba cha giza cha Liseo, wanatembea juu ya ukuta wa Dobó, kisha wanaketi na kuulizia glasi. Kinachotiwa katika glasi hiyo, jina kinalotajiwa, na fungu linalomrudia aliyeupogoa mzabibu ndivyo vitakavyoamua kama mji huu umejifunza au umepumzika tu kabla ya kurudia kosa. Halmashauri ya mji na vyama vya watengenezaji waanze na kibao cha mlangoni bondeni na mkataba wa mkulima mlimani, kabla ya msimu mwingine wa wageni kufunguliwa.